Swaumu wa Kaloleni na Maji ya Mpera

Mwaka 1992 jina kamili la Swaumu binti Bakari liliandikwa kwa taipu na kugongwa muhuri, katika barua iliyohusu dawa aliyokuwa ameitumia miaka sita. Barua ilimtaka afike kwa chifu aeleze kwa nini mwanamke mmoja amekatwa mguu. Kabla ya hapo karatasi nyingi zilikuwa zimeandikwa kuhusu dawa hiyo hiyo. Nazijua zote kwa sababu ni mimi niliyezipiga taipu, na jina lake halikuwamo hata katika moja.

Mimi ni Bilha Gakenia. Baba yangu, Waweru, alishuka Kisumu na magunia ya viazi nikiwa bado mgongoni, na nyumba ya baraza la mji tuliyopanga Kaloleni ilipakana na ya Swaumu. Watu huniambia nikisimulia habari hii nipunguze ukali. Nimejaribu, haupungui.

Swaumu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti nzito na mikono ya kufanya kazi. Babu yake mzaa baba alikuja na reli kutoka pwani akabaki. Mama yake alitoka Mumias. Kwa miaka kumi na minane alifanya kazi ya usafi katika wodi za hospitali. Alianza na sakafu, na baadaye, wauguzi walipokuwa wachache, akawa anawasaidia kuosha vidonda. Hakusomea kazi hiyo, lakini alijua harufu ya kidonda kama mama mboga anavyoijua nyanya iliyoanza kuoza kwa ndani. Angeinama, avute pumzi, aseme, "Hiki kitapona," au, "Hiki mwite daktari sasa hivi."

Mumewe, Salim, alikuwa fundi cherehani mwenye ugonjwa wa sukari. Mwaka 1982 kiatu kipya kilimchubua kidole cha mguu. Hakusikia maumivu, kwa hiyo hakukijali. Siku Swaumu alipoinua blanketi akasikia harufu, mguu ulikuwa umeshaharibika hadi kwenye kifundo. Salim alifariki kabla ya mwezi kwisha. Mwaka uliofuata Swaumu aliacha kazi ya hospitali, akawa anauza maandazi na mapera mbele ya nyumba yake.

Dawa ilianza na Beldina wa mtaa wa Nyalenda. Beldina alikaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa, na mifupa ile hukata kama wembe. Mwaka 1986 alikuja akiwa ameufunga mkono kwa kitambaa cheusi kwa uchafu. Ndani yake kulikuwa na usaha, na juu ya usaha unga wa kapsuli za rangi mbili, zile za madukani, ambazo watu walizipasua na kuzinyunyiza kwenye kidonda chochote.

"Nani alikwambia uweke hii?" Swaumu alimuuliza.

"Kila mtu anaweka, Mama. Nilienda zahanati, hakuna bandeji, hakuna dawa. Waliniambia nirudi Jumatatu."

"Jumatatu hii imepita mara ngapi?"

"Mara tatu," Beldina alisema.

Mama yake Swaumu, kule Mumias, aliwanywesha watoto maji ya majani ya mpera tumbo likiharisha, na aliwaoshea majipu kwa maji hayo hayo. Swaumu aliunganisha hilo na alilojifunza wodini. Alichuma majani machanga ya juu, akayaosha, akayachemsha hadi maji yakawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Aliyafunika yapoe. Vitambaa vya pamba navyo alivichemsha, akavianika, akavipiga pasi ya makaa hadi vikawa vya moto. Aliosha mkono wa Beldina asubuhi na jioni. Siku ya tatu harufu ilikuwa imekatika, na siku ya kumi nyama mpya nyekundu ilikuwa inajaza.

Beldina aliwaambia wenzake wa mgongo wazi. Wakaja na mikono yao, kisha wakaja na mama zao. Hospitali zilipoanza kutoza ada, wakaja wengi zaidi. Nilikuwa nikitoka chuo cha uhazili jioni nawakuta wamekaa kwenye kibaraza, wamenyoosha mikono kama watu wanaosubiri kupimwa pete.

Lakini Swaumu hakuwa mtu wa kutibu kila kitu. Alikuwa na masharti manne, na aliyarudia mpaka sisi majirani tukayajua kwa moyo. Mtu mwenye homa pamoja na kidonda, aende hospitali. Kidonda kinachoonyesha mfupa, hospitali. Kitovu cha mtoto mchanga, hospitali. Na mtu wa sukari hata akiwa na mkwaruzo tu, hospitali, siku hiyo hiyo. Zaidi ya hayo, jani lenyewe halikugusa kidonda kamwe. "Jani lina vumbi, lina mayai ya wadudu," alisema. "Mimi natumia maji yake, na maji yenyewe yamechemka." Nilimwona akimrudisha mzee mmoja wa sukari aliyekuwa akimsihi kwa machozi. Alifunika maandazi yake, akaandamana naye hadi mlango wa hospitali, akamkabidhi kwa muuguzi aliyemfahamu.

Mwaka 1989 alikuja Daktari Kangethe. Udaktari wake ulikuwa wa maabara, si wa kutibu watu. Alikuwa amefungua mjini ofisi ya mradi wa kuchunguza dawa za mimea, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Alipata habari za mpera kutoka kwa akina Beldina. Akaja Kaloleni na msaidizi wake, Faraji, kijana mpole aliyekuwa ametoka chuo kikuu karibuni. Walikaa kwenye kibaraza cha Swaumu alasiri nne. Walikunywa chai yake, wakala maandazi yake, wakachuma majani yake. Faraji aliuliza, akaandika kila neno. Daktari alipouliza kama mtaani kuna mtu anayejua taipu, Swaumu alinyoosha kidole kwetu: "Huyu binti wa jirani amemaliza chuo, na hana kazi." Ndivyo nilivyoajiriwa. Naomba msomaji alikumbuke hilo anaponihukumu.

Faraji alisaga majani, akayaloweka, akayachuja, akachovya vipande vya karatasi katika maji yale. Kisha akavilaza kwenye sahani za kioo zilizopandwa bakteria waliochukuliwa kwenye usaha. Siku moja alimwita Swaumu aje kuona. Alivaa buibui lake jipya, akapanda ngazi polepole. Faraji akaiinua sahani kwenye mwanga wa dirisha. Sahani nzima ilikuwa na ukungu wa manjano, isipokuwa kuzunguka kipande cha karatasi, ambako palikuwa na mduara safi.

"Hapa palipo safi, Mama, bakteria wameshindwa kuota. Ni maji yako."

Swaumu aliitazama kwa muda mrefu. "Miaka yote ninawanusa tu," alisema. "Leo nimewaona." Alishuka ngazi akitabasamu peke yake, na jioni ile aliwagawia majirani maandazi bure.

Ripoti ilipokuja mezani kwangu mwaka uliofuata, niliisoma nikiwa napiga. Kulikuwa na shukrani kwa wafadhili, kwa chuo, kwa dereva wa mradi. Kuhusu asili ya dawa kulikuwa na mstari mmoja: *mmea huu hutumiwa na wenyeji wa kandokando ya ziwa.* Nilimpelekea Daktari karatasi mkononi.

"Daktari, jina la Mama Swaumu niliweke wapi?"

Hakuinua macho. "Bilha, sayansi haiandiki majirani."

Nikarudi kwenye mashine nikamaliza kupiga. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kazi yangu ya kwanza, na sikusema neno lingine. Hasira yangu ya leo si yote ya Daktari Kangethe.

Mwaka 1991 wafadhili walitaka matokeo yawafikie wananchi. Faraji aliandika kikaratasi cha mafunzo kwa Kiswahili chepesi. Alieleza kuchemsha, kufunika, vitambaa vya pasi, na mwishoni, chini ya kichwa cha maneno ONYO, aliyaweka masharti manne ya Swaumu. Kisha alipata nafasi ya masomo Nairobi, akaondoka. Daktari aliichukua rasimu na kalamu nyekundu. Palipoandikwa kuchemsha aliandika *ponda majani, funga juu ya kidonda.* Onyo lote alilipiga mstari kutoka kona hadi kona, na pembeni akaandika: *Ndefu mno. Ukurasa mmoja.* Chini akaweka sahihi yake fupi, kama alivyozoea.

Nilipiga kama alivyotaka. Rasimu niliiweka katika faili, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba mpiga taipu hatupi maandishi ya mkono. Vikaratasi elfu tano vilichapishwa, vikiwa na picha ya Daktari juu. Viligawanywa makanisani, sokoni, na pale njia panda ya Mamboleo.

Kimoja nilikipeleka nyumbani. Swaumu alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, akafika mwisho, akageuza upande wa nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu.

"Watu wa sukari wako wapi?"

Nikamwambia ukweli.

"Na hili la kuponda majani limetoka wapi? Mimi nilimwambia nani aponde?"

Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye benchi la ofisi yetu. Daktari aliniagiza nimwambie amesafiri. Nikamwambia, na mlango wa Daktari ukiwa wazi kidogo, sote wawili tukimsikia akikohoa. Swaumu hakuondoka mpaka ofisi ikafungwa. Alirudi siku ya pili. Siku ya tatu alimngoja kwenye ngazi, mahali ambapo hapakuwa na mlango wa kujifungia.

"Daktari, umewaambia watu nusu ya maneno yangu."

"Mama, huu ni mradi wa kitaalamu. Watu wakiwekewa masharti mengi hawasomi."

"Basi wasisome. Heri wasisome kabisa. Mume wangu alikufa kwa mguu usiosikia. Mtu wa sukari akifunga majani machafu juu ya kidonda asichokisikia, ni nani atamwambia kinaoza?"

"Nitalifikiria," alisema Daktari, akampita.

Hakulifikiria. Ikapita miezi minane.

Seline aliuza omena, dagaa wa ziwani, pale Mamboleo. Alijua ana sukari na alimeza vidonge vyake. Ndala mpya zilimchubua mguu wa kushoto. Binti yake, Anyango, alikuwa amepewa kikaratasi kanisani, akamsomea mama yake. Wakaponda majani ya mpera juu ya jiwe la uani, wakafunga, wakabadilisha kila siku kama ilivyoandikwa. Hakuumwa. Wiki ya tatu wateja wakaanza kukaa mbali na meza yake, naye akadhani ni omena zimeharibika. Hospitali walimkata chini ya goti.

Daktari wa wodi aliuliza, Anyango akatoa kikaratasi. Kikaratasi kikafika kwa afisa wa afya, na afisa akaiandikia ofisi yetu akitaka maelezo. Daktari Kangethe aliniita ndani, akaanza kunisomea jibu la kupiga. Lilisema kwamba maagizo ya kikaratasi yalitolewa na mganga wa kienyeji, Swaumu binti Bakari, mkazi wa Kaloleni, na kwamba mradi uliyapokea kwa nia njema. Alitaja hata namba ya nyumba yake. Mtu ambaye miaka mitatu hakupata nafasi ya kuliandika jina lile, siku ile alilijua mpaka la baba.

Niliondoa mikono kwenye mashine. "Hii siipigi, Daktari."

Akafunga mlango, akaacha Kiswahili, akanisemesha kwa lugha yetu ya Kikuyu, taratibu, kama mjomba. Alisema sisi ni wachache hapa Kisumu. Mtu hachomi nyumba ya kwao ili amulikie jirani. Alimjua baba yangu, alisema, na alijua biashara yake.

Nikamjibu kwa Kikuyu hicho hicho kwamba jirani huyo ndiye aliyenipa kazi hii. Akanitoa nje. Barua aliipigisha kwingine mjini. Nami saa ya kwenda nyumbani nilitoa rasimu ya Faraji kwenye faili, nikaiweka katika mkoba chini ya sweta.

Jibu lile lilipomfikia afisa, chifu alimwandikia Swaumu ile barua ya kumwita, na siku ya kikao ofisi ya chifu ilijaa. Afisa wa afya alikaa pembeni ya chifu. Daktari Kangethe alikuja na suti ya kijivu na bahasha kubwa. Seline aliletwa na Anyango, akitembea kwa magongo ambayo bado hakuyazoea. Swaumu alikaa kwenye kiti cha mbao, mikono mapajani. Nyuma yake, wakiwa wamesimama hadi nje, walikuwa Beldina na wanawake wa mgongo wazi.

"Mama," chifu alianza, "unatibu watu bila ruhusa, na sasa mtu amekatwa mguu. Unasema nini?"

"Huyu mama sijawahi kumwona kabla ya leo," Swaumu alijibu. "Angekuja kwangu ningemshika mkono nimpeleke hospitali. Mtu wa sukari simgusi. Muulize yeyote aliye hapa."

"Mganga akishtakiwa husema hivyo," alisema Daktari Kangethe kwa upole. "Sisi tulirekodi alichotuambia."

Seline akagonga gongo sakafuni. Alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Chief, mimi mama hii sijui. Hajanipatia dawa. Mimi karatasi ndio iliniambia. Na kwa karatasi hakuna picha ya huyu mama. Kuna picha ya huyu bwana."

Afisa alikigeuza kikaratasi, akaitazama picha, kisha akamtazama mwenye picha. Ndipo niliposimama. Sitasema uongo kwamba nilikuwa shujaa. Nilisema tu kwamba mimi ndiye mpiga taipu wa mradi, na kwamba alichorekodi Faraji ni hiki hapa. Nikaweka rasimu mezani.

Afisa aliisoma kwa sauti. Alisoma masharti yote manne, moja baada ya jingine, na alipofika kwenye mtu wa sukari akaacha kusoma. "Huu mstari mwekundu ni wa nani?"

"Hiyo ni nakala ya awali tu," alisema Daktari. "Na huyu binti ameiba mali ya ofisi."

"Sijauliza ni ya awali au ya mwisho. Hii sahihi ni yako?"

Daktari alisema lazima awasiliane na wakubwa wake.

Swaumu aligeuka kwenye kiti. Hakupaza sauti. "Nilikukaribisha kwangu, Daktari. Sikukuomba jina langu uliandike, na usingeliandika milele nisingekuja kukudai. Maneno yangu ndiyo niliyokupa uyafikishe. Ulichukua yale yanayokupa sifa, ukayatupa yale yanayomwokoa mtu. Mguu wa huyu mama umeutupa pamoja nayo."

Chifu alikohoa, akasema Mama Swaumu hana kesi, aende nyumbani. Afisa aliagiza vikaratasi vikusanywe. Habari ya Daktari, alisema, itashughulikiwa na wanaohusika.

Nitaeleza ilivyoshughulikiwa. Mimi nilifukuzwa kesho yake, kwa wizi wa karatasi moja. Wapangaji wenzetu wawili, Wakikuyu kama sisi, waliacha kumsalimia baba yangu. Daktari Kangethe alihamishiwa Nairobi, kwenye ofisi yenye zulia, na baada ya mwaka makala yake ya mpera ilitoka katika jarida la wataalamu. Nilitafutiwa nakala. Bado ni *wenyeji wa kandokando ya ziwa*. Vikaratasi vilivyorudishwa havikufika mia sita. Seline hakupata barua ya pole kutoka kwa mtu yeyote mwenye cheo, achilia mbali mguu wa bandia.

Aliyekwenda kwake ni Swaumu. Alikwenda Ijumaa iliyofuata nami nikiwa naye, tukamkuta Seline ameketi mlangoni na uso umejifunga. Sikuwa na hakika kama atapokelewa, kwa sababu watu waliendelea kunong'ona.

"Umekuja kunipa majani?" Seline alimuuliza.

"Sina dawa yako. Nimekuja kuutazama mguu uliobaki."

Aliketi chini, akauchukua mguu wa kulia wa Seline mapajani, akautazama kati ya kila kidole, kisigino, unyayo, akaunusa. Alimfundisha Anyango kufanya vivyo hivyo kila asubuhi, hata kama mama yake anasema hasikii kitu, na hasa akisema hasikii kitu. Tangu hapo alikwenda kila Ijumaa baada ya swala. Mara mbili alikuta mchubuko mdogo, na mara zote mbili alimpeleka Seline kliniki siku ile ile.

Mwaka 1993 niliazima taipu ya kanisa letu, tukaandika kikaratasi kingine. Safari hii onyo lilikuwa mwanzo, kwa herufi kubwa, kabla ya neno lolote kuhusu mpera. Tulikiandika kwa Kiswahili, na Anyango akakitia katika Kidholuo. Nilipofika chini nilimuuliza Swaumu kama anataka jina lake liwepo, baada ya yote yaliyomkuta.

"Liandike," alisema. "Na nyumba uiandike. Mtu akiumia ajue aje kumgombeza nani."

Alifariki mwaka 1997 kwa malaria, baada ya siku tatu za kuugua, akazikwa siku ile ile. Wanawake wa mgongo wazi walisimama barabarani jeneza likipita, kwa kuwa kwa desturi ya Kiislamu makaburini wanakwenda wanaume tu. Hakuna ofisi iliyotuma mtu.

Seline alikuja matangani na magongo kutoka Mamboleo, hakutaka kiti, akaketi mkekani. Mimi na Anyango tulikaa naye hadi watu walipotawanyika. Alisema kesho ni Ijumaa, siku ya kuangaliwa mguu, naye hajui atamwonyesha nani. Nikamwambia anionyeshe mimi. Akavua kiatu hapo hapo, nami nikapiga magoti nikaanza na kidole kidogo, kama nilivyomwona Swaumu akifanya.